Mpaka Leo Garissa Wananiita Format

Ukishuka Garissa ukaulizia fundi wa kompyuta anayeitwa Mutinda, watu watakutazama tu. Ulizia Format. Hata mwenye mkokoteni wa punda anayeuza maji atakuonyesha nyumbani kwangu, na atacheka kidogo kabla hajanyoosha kidole. Wasomali wa hapa hawambembelezi mtu kwa jina la utani. Mwenye masikio makubwa huitwa Masikio mbele ya wakwe zake, naye huitika, na maisha huendelea. Mimi waliitazama kazi yangu, wakanipa langu, na jina la hapa ukishapewa halirudishwi.

Nyinyi vijana mliofungua vibanda vya kompyuta kule sokoni mmenisumbua muda mrefu niwaandikie niliyojifunza katika kazi hii. Haya basi. Nimestaafu, macho yamechoka na skrini, na sina tena sifa ya kulinda. Ila nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wangu niliipata kwa kuharibu vitu vya watu.

Nilikuja hapa kutoka Mwingi nikiwa na cheti cha mafunzo ya miezi mitatu na suruali moja iliyopigwa pasi. Siku hizo kompyuta za nyumbani zilikuwa chache, na aliyejua kuiwasha na kuizima aliitwa injinia. Nikaitika. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mtu akishazoea kuitwa injinia huona haya kusema "sijui".

Mteja mmoja aliniletea mashine iliyokuwa nzito na yenye tabia ya kujizima. Sikuigusa hata. Nikamwambia, "Hivi ni virusi," kwa ile sauti ya daktari anayesoma majibu ya maabara. Nikavisaka siku mbili. Niliweka programu ya kuua virusi, nikaongeza ya pili ili iisaidie ya kwanza, na hizo mbili zikaanza kutuhumiana, kila moja ikimwita mwenzake kirusi. Siku ya tatu nikafungua kifuniko nitoe diski, nikakuta feni imezibwa na vumbi lote la barabara ya Wajir. Nikapuliza, mashine ikapona. Kwa hiyo wanangu, kabla hujatamka neno virusi mbele ya mwenye mali, ishike mashine uone joto lake, isikilize feni, angalia kama diski imejaa. Na usiweke walinzi wawili mlango mmoja. Ile kinga inayokuja na kompyuta yenyewe, ikiwa imewashwa na inasasishwa, inamtosha mtu wa nyumbani.

Mashine iliyoingiliwa kweli ina dalili zake. Matangazo yanaruka hata kama hujafungua ukurasa wowote. Brauza inafungukia mahali ambapo mwenyewe hakuchagua. Kwenye orodha ya programu kuna majina mageni, mara nyingi yote yameingia siku moja, kama jamaa walioshuka kwenye lori moja. Ipange orodha hiyo kwa tarehe, kisha muulize mwenye mashine alifanya nini siku ile. Atakumbuka. Alitaka programu ya kukata video, akabofya kile kitufe kikubwa cha kijani badala ya kidogo cha kweli, halafu akaendelea kubofya "Endelea" mpaka kidole kikachoka. Wageni hao watoe kwanza kwa njia ya kawaida. Kisha ingia kwenye brauza utoe viongezi ambavyo hakuna anayevijua, upitie na orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine, ndipo upige ukaguzi kamili. Ukikuta kinga imezimwa na inakataa kuwashwa, hapo acha mzaha. Chomoa intaneti, upige ule ukaguzi unaofanyika kabla mfumo haujaamka, kwa sababu kirusi nacho kinakuwa hakijaamka. Na maneno ya siri ya mteja abadilishe kwa kifaa kingine kilicho safi, la sivyo unamkabidhi mwizi funguo mpya.

Wala msidhani uzee unamkinga mtu. Ramadhani iliyopita nilikuwa natafuta dawa ya goti, ukurasa ukaniambia nibofye "Ruhusu" kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Nikathibitisha. Kutwa nzima kona ya skrini ikawa inanipigia kelele kwamba kompyuta yangu ina virusi vitano na inakaribia kufa. Nilianza kutokwa na jasho, mimi, fundi mzima. Halafu nikakumbuka kwamba hakuna kirusi hapo. Niliupa ukurasa ruhusa ya kunitumia taarifa, nao ukazitumia. Unaingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya taarifa, unafuta ruhusa ile, kelele zinakwisha. Mke wangu aliyeona jasho lile hajalisahau.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule nilijua dawa moja, kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mashine ikikohoa, fomati. Ikiwa na homa, fomati. Na kwa dawa hiyo nilikwenda nyumbani kwa Eeddo Habiba.

Eeddo ni shangazi kwa Kisomali, na mtaa mzima wa Bulla Iftin ulimwita hivyo, mimi nikiwemo. Alikuwa na duka la vitambaa, na nyumbani alikuwa na kompyuta aliyoachiwa na mwanawe kabla ya kusafiri, pamoja na diski ya nje iliyochomekwa ubavuni. Alinipigia simu kwa hasira.

"Mutinda, hii combyuta inaniletea aibu. Mimi natafuta fitambaa, yenyewe inaleta wanawake nusu uchi. Imamu akibita hapa nitasema nini?"

Nilifika na flashi yangu nyekundu shingoni. Niliivaa kwa kamba, kama daktari na kile kifaa chake cha kusikiliza kifua. Ndani yake nilikuwa nimeweka zana zangu zote, na hapakuwa na kompyuta mjini ambayo flashi ile haikuwa imeionja. Nikaichomeka. Matangazo yale yalikuwa kazi ndogo, programu mbili na kiongezi kimoja cha brauza, nikayaondoa kabla chai ya maziwa ya ngamia haijapoa. Ningeondoka hapo ningekuwa naitwa Mutinda mpaka leo.

Lakini kabla sijamaliza kikombe, nikaona kila folda kwenye ile diski ya nje imeota kishale kidogo kwenye kona. Nikibofya, haifunguki. Kishale kile maana yake ni shotkati, kibao tu cha kuelekeza njia, si kitu chenyewe.

"Lo," nikasema kiinjinia. "Virusi vimekula mafaili."

"Yote?"

"Yote, Eeddo. Lakini usijali, nitafanya bekapu kwanza."

Nikazikopi folda zote zenye vishale kwenye flashi mpya. Ilichukua sekunde mbili. Diski nzima ya mafaili ya familia, sekunde mbili, na mimi badala ya kushtuka niliisifu mashine kwa mwendo wake. Kisha nikafomati kompyuta. Kwa bidii niliyojaliwa nikafomati na diski ya nje. Na kwa kuwa nilimwona Eeddo amenyong'onyea, nikampa pole kwa kumjazia diski ile filamu za Kihindi zilizotafsiriwa kwa Kisomali, mpaka ikasema haina nafasi.

Kesho yake alikuja kibandani. Alikaa kwenye stuli, akafunika magoti kwa shuka lake, akaniuliza, "Mutinda, sauti ya mama yangu iko wafi?"

Ndipo nilipoambiwa nilichokuwa nimekishika. Mama yake aliishi Eldas na mifugo yake, na hakujua kuandika. Barua zake alizisema kwenye kaseti, kama walivyofanya wengi wa huku, akaikabidhi kaseti kwa dereva wa lori la mbuzi linalokuja Garissa. Hodan, binti wa Eeddo, alipozaliwa, bibi alirekodi buraanbur ya harusi yake, yaani yale mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyatunga na kuyaimba kwa ngoma. Alisema yeye siku hiyo hatakuwepo, basi sauti iende badala yake. Kweli hakuishi kuiona. Kaseti zililiwa na joto na redio mbovu, ila hiyo moja ilikuwa imewahi kuingizwa kwenye diski. Harusi ya Hodan ilikuwa wiki tatu mbele.

Nikafungua bekapu yangu mbele yake. Vishale vitupu. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa kilobaiti moja, na vyote vilielekeza kwenye vitu ambavyo nilikuwa nimevifuta kwa mkono wangu. Nilikuwa nimempa mwanamke huyu vibao vya njia, nikabomoa mji.

"Iko ile ya Safiya," akasema ghafla, na uso wake ukafunguka. Safiya ndiye mwenye spika za harusi za wanawake, na Eeddo alikuwa amempa nakala kwenye flashi mwezi uliotangulia. Kisha uso ukajifunga tena. "Hapana. Safiya alileta hiyo flashi kwako umwekee nyimbo, na ikaharibika. Ni wewe ulimwambia imekufa."

Nilikuwa nimesema hivyo. Nikaona aibu. Jioni ile Safiya alipopata habari alisema mbele ya duka la Eeddo, "Huyu si Mutinda, huyu ni Format," na sala ya magharibi ilikuta jina limeshafika mtoni. Eeddo mwenyewe hakucheka. Aliniambia neno moja: "Tafuta."

Watu wakanielekeza kwa fundi mmoja, Mahat. Huyu alikuwa mkimbizi kule Dagahaley, kwenye kambi za Dadaab, mtu wa rika langu, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza kompyuta. Hakuwa na cheti hata cha wiki moja. Alijifunza kwa sababu kwake kitu kikiharibika hakuna kingine cha kukibadilisha. Nilipanda basi na ile diski nimeikumbatia.

Aliichomeka, akatazama muda mrefu, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, ungefomati tu, labda ningetoa kitu. Lakini umejaza juu yake. Hapa naona Wahindi wanacheza juu ya kaburi ya mama ya watu."

Hilo lishikeni, wanangu. Faili likifutwa au diski ikifomatiwa kwa haraka, mara nyingi vitu bado vimo, havionekani tu. Usiandike kitu juu yake, hata wimbo mmoja. Mimi niliandika miguu na mikono ya Wahindi mia.

Nilikuwa nanyanyuka niende zangu aliponinyooshea kidole kifuani. "Hiyo nyekundu ya shingo. Lete."

Mashine yake ilikuwa imezuiwa kufungua chochote chenyewe kikichomekwa. Aliingia kwenye mipangilio, akaweka ionyeshe mafaili yaliyofichwa, na pale, katikati ya zana zangu za uganga, kikatokea kifaili kimoja kidogo chenye jina la ajabu. Hiki ndicho huruka kwenye kila flashi na diski ya nje inayochomekwa, kinazificha folda za kweli, kinaweka vishale mahali pake. Ukibofya kishale, unakiamsha tena.

"Mutinda," akasema Mahat polepole, na sasa alikuwa anacheka mpaka anashika meza, "kila nyumba ulikwenda kutibu malaria, na mbu ni wewe."

Sikucheka. Nilikuwa nahesabu nyumba kichwani: za Bulla Iftin, za walimu, za manesi, ile ya kadhi.

"Lakini sikia," akaendelea. "Hii firusi haili fitu. Inaficha. Fitu iko hapo hapo." Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika, nami nikanakili kwenye mkono kwa sababu sikuwa na karatasi: attrib -h -r -s /s /d, kisha herufi ya flashi yenyewe yenye nukta pacha na mkwaju, na mwishoni nyota, maana yake kila kitu. "Lakini kwanza uua kirusi, na usafishe mashine yako. Ukirudisha mafaili kabla ya kuua, atayaficha tena."

Hapo ndipo nilipokumbuka kopo.

Pale kibandani nilikuwa na kopo la maziwa ya unga nililotupia flashi nilizozitangaza kuwa zimekufa. Situpi kitu, ni kasoro ambayo mke wangu huilalamikia, na safari ile nilimwomba Mungu mke huyo asiwe amelisikiliza lalamiko lake mwenyewe akafanya usafi. Basi lilichukua siku nzima kurudi. Kopo nililikuta limeshikilia mlango usifungwe na upepo.

Sikukimbilia kuchomeka. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutokimbilia kitu. Nilianza na mashine yangu mwenyewe: nikachomoa intaneti, nikaikagua usiku na mchana mpaka ikawa safi, nikazima ile tabia ya kufungua vitu vyenyewe. Kisha nikachukua flashi moja moja. Ninaikagua, ninakifuta kirusi, ninaandika amri ya Mahat huku nikiusoma mkono wangu, ninafuta vishale. Na folda zikawa zinatokea. Zilitokea insha za wanafunzi, picha za ngamia wa mtu wa Sangailu, barua za shamba, hotuba ya mwalimu mkuu aliyeitoa bila karatasi kwa sababu yangu. Vyote hivi nilikuwa nimewaambia wenyewe vimekufa, na nikawapa pole. Niliona haya kuliko siku ya Eeddo, kwa sababu hawa wengine hawakurudi hata kunilaumu, walikuwa wameniamini.

Ya Safiya niliijua kwa doa la hina. Nikaandika amri, nikasubiri. Zikatokea nyimbo zake, na chini ya nyimbo faili moja limeandikwa Ayeeyo, yaani bibi. Halikuwa na kishale.

Nilitengeneza nakala tatu kwenye vifaa vitatu tofauti kabla sijavuta pumzi, na safari hii niliangalia ukubwa wa faili, nikafungua kila nakala kwa sekunde moja kuhakikisha inalia. Bekapu ambayo hujaifungua ukaiona si bekapu, ni matumaini. Ndipo nikampigia Eeddo. Alikuja akavaa spika za masikioni, akasikiliza huku amefunika mdomo kwa shela. Mimi sikusikia kitu, niliona uso wake tu. Alipovua alisema, "Ni yeye," akaondoka na flashi moja, bila kuniaga.

Wiki hizo mbili zilizobaki nilizunguka mji mzima nikibisha hodi. "Assalamu aleikum, ni mimi Mutinda, nilikuja kuwatibia kompyuta, nafikiri niliwaachia ugonjwa." Wengine walinifukuza. Wengi walinipa chai, wakasema, "Karibu, Format," na hapo jina likashika kabisa. Ile flashi nyekundu niliivua shingoni. Tangu siku hiyo zana zangu nimezibeba kwenye flashi yenye kile kibonyezo cha kuzuia isiandikwe, na ninaikagua kabla ya kuingia nyumba ya mtu na baada ya kutoka.

Siku ya harusi, mahali pa buraanbur mwanamume haingii. Safiya aliniweka nyuma ya turubai, penye jenereta na nyaya, "ukae hapo, kitu ikikatika uitike." Nikasimama. Ngoma ilikoma, kisha sauti ya kikongwe ikatoka kwenye spika, ina kikohozi kidogo na mbuzi wanalia nyuma yake. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini kaseti zile zilianza zote namna moja, kwa salamu, na salamu nazijua. Alimsalimu kila mtu kwa jina, watu wa Eldas, watu wa Garissa, waliokufa tangu hapo na waliokuwa wamekaa ndani ya hema wakiitika kwa kilio. Alimsalimu na mtoto Hodan, ambaye sasa alikuwa biarusi.

Kisha sauti ikageuka, kama anatazama ile redio iliyo mbele yake ambayo hakuiamini, akasema kwa ukali, na hili nililielewa neno kwa neno:

"Na wewe unayeshika mashine, sikujui ni nani. Nakuomba usiguse kitu mpaka nimalize."

Hema zima likapasuka kwa kicheko. Nilisikia sauti ya Safiya juu ya zote, "Format! Umesikia?" na sauti ya Eeddo ikicheka na kulia kwa pamoja. Halafu ngoma ikaanza, na bibi akaanza kuimba.

Waya mmoja ulikuwa umelegea kidogo karibu na goti langu, na zamani ningeinama kuukaza. Nikaweka mikono nyuma, nikaishikanisha, machozi yananitoka nyuma ya turubai la watu, na sikugusa kitu mpaka alipomaliza.